Kutu Iliyoshika Maji

Siku walipotoa kilio cha Benoît na kumaliza matanga, viti vya kukodi vingali vimejaa uani, Théodore alisimama mlangoni pa nyumba ya marehemu mdogo wake huko Panda, mtaa wa Likasi, akasema anataka motokari. Hakuzungukazunguka. Alikuwa ameshiba wali na samaki wa mjane, ameshanawa mikono, na sasa alikuwa amefikia lile hasa lililomleta kutoka Lubumbashi.

“Motokari ni ya familia,” alisema. “Mwanamuke hajue kutunza motokari. Ile kitu inachemuka kila siku, bantu yote ya Likasi banaiona. Nitaipeleka kwangu, nitaitengenezesha.”

Mwanamke mwenyewe alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, na alisikia kila neno. Jina lake Anne, ila kwa kuwa kifungua mimba wake ni Jaël, watu walimwita Mama Jaël. Tangu ugonjwa ulipomlaza Benoît, miaka miwili sasa, ndiye aliyeshika usukani wa lile gari kuukuu la mizigo. Kila alfajiri alishuka vijiji vya wavuvi kando ya ziwa Tshangalele, akapakia wanawake na mabeseni yao ya samaki, akawaleta soko la Likasi. Humo ndimo zilimotoka dawa za Benoît, karo ya watoto watatu, sabuni, chumvi, kila kitu. Likiondoka lile gari, nyumba ile haina mbele wala nyuma. Sheria? Sheria inasema mjane asinyang’anywe, sote tunajua. Lakini sheria inakaa kwenye karatasi, na mashemeji wanakaa uani kwako.

Aliyekata shauri alikuwa Henriette, mama yao Théodore na Benoît, bibi mkavu mwenye sauti ndogo ambayo wanawe wakubwa na ndevu zao waliiogopa. Alikuwa akiishi Lubumbashi kwa Théodore. Alimtazama mkwewe, akamtazama mwanawe, akasema:

“Siku ya posho, Mama Jaël njo atanirudisha Lubumbashi na ile motokari. Ikifika bila kuchemuka, ni ya yeye na batoto, na hakuna muntu ataongea tena. Ikichemuka mu njia, Théodore atashika fungulo palepale.”

Siku ya posho ndiyo Jumamosi, wazee wa kambi za wafanyakazi bado wanaiita hivyo kwa kukumbuka mgao wa unga. Na siku ile ilikuwa Jumatano. Théodore alitabasamu, maana gari lile alilijua vizuri.

“Aksanti, Mamu,” Anne alisema, akapiga makofi mawili ya heshima. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni zaidi ya kilomita mia na ishirini.

Sasa nikueleze ubaya wa gari lile. Benoît, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema na mbahili wa dawa ya radiatere, ile rejeta ya kupozea injini. Ile dawa ya rangi ya kijani inayozuia kutu aliiona ni anasa ya wazungu, na kwa miaka sita alitia maji ya kisima. Maji ya kisima yakala chuma cha injini polepole, chuma kikatoa kutu, kutu ikajaza mirija ya radiatere. Ukifungua kifuniko unakuta uji wa kahawia. Safari fupi za Tshangalele gari lilizimudu. Kwenye mlima mrefu mshale wa joto ulipanda, kwa sababu maji hayakuwa na pa kupita.

Dan, fundi wao, kijana mwenye adabu na mdomo mkali, alikuwa amelipatia tiba. Kila Jumapili alimwaga nusu ya maji machafu, akatia safi yenye dawa, akafunga. Wiki nne zilishapita, na uji ulikuwa umeanza kuwa mwepesi.

Alhamisi asubuhi Anne alimkimbilia.

“Kutu yote itoke leo, Dan. Nakuomba.”

“Hapana, Mama. Iyi radiatere imeshatoboka zamani. Kutu njo inashika maji. Ukiitoa mara moja, maji itatoka mu kila tundu. Tuende polepole, miezi mbili.”

“Niko na siku mbili.”

“Basi usiiguse. Toka asubuhi sana, baridi ingali, tembea pole. Labda itafika.”

Labda! Neno hilo Anne alirudi nalo nyumbani. Angekuwa na dada Kinshasa wa kumtumia kitu, angevumilia labda. Angekuwa na kazi ya ofisini, angevumilia. Lakini watoto watatu hawali labda. Akakaa kizingitini, akalia kidogo, na alipofuta machozi ndipo alipoikumbuka chupa ya asidi aliyoachiwa na baba yake.

Watu wa Panda na asidi, jamani! Wamezaliwa kwenye harufu yake, baba zao wameivujia jasho viwandani, na wanaiamini kuliko daktari. Choo kimepiga weusi? Asidi. Nati imegoma? Asidi. Nyumba ngapi za wastaafu utakuta chupa imefichwa nyuma ya mlango, imefungwa kwa plastiki na kamba ya mpira? Baba yake Anne alikuwa fundi wa mabomba kwenye mtambo wa asidi miaka thelathini. Tangu mtoto Anne alimsikia akisimulia wanavyosafisha mabomba yaliyozibwa: asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, ngoja, mwaga, suuza mara tatu, kisha soda, ili kuua ukali uliobaki, kisha suuza tena. Bomba linatoka jipya. Mzee alikuwa akilisema hilo kwa fahari kubwa.

Anne alivaa glavu za baba yake, akafanya kila kitu jinsi kinavyofanywa. Hakukosea hatua hata moja, na hilo ndilo linaloniuma ninapokusimulia. Alipofungua bomba la chini la radiatere, kutu ilitoka vipande vipande, magamba makubwa kama kucha, maji mekundu yakaenda mpaka mtaroni. Akasuuza. Akatia soda, ikatoa povu. Akasuuza tena mpaka maji yakatoka meupe, yale ya kunywa kabisa. Akawasha gari na kuliacha lingurume nusu saa, na mshale wa joto ukakaa chini, umetulia, haujawahi kutulia hivyo tangu Anne ajifunze kuendesha.

“Mama, unacheka na nani?” Jaël aliuliza kutoka dirishani.

“Na baba yangu,” Anne alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu mazishi.

Ijumaa alilipeleka gari mpaka Kamatanda na kurudi, kwa kasi, kwa makusudi, na halikupata joto hata kidogo. Akaliegesha uani, akaingia ndani kupika. Alipotoka kumwaga maji ya mboga, aliona mchanga chini ya gari umelowa. Alipiga magoti, akachungulia. Tone. Tone. Tone. Hakuwa na haja ya kuhesabu matundu, yalikuwa mengi.

Dan alikuja, akalala chini ya gari kwa muda mrefu. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa.

“Umetia nini, Mama?”

Akamwambia.

“Asidi! Mabomba ya kazi ya baba yako yalikuwa na unene ya kidole! Iyi mirija ni nyembamba kupita kopo ya sadini! Asidi imekula kutu, imekula na shaba. Nilikuambia kutu njo inashika maji. Nilikuambia ao sikukuambia?”

“Uliniambia.”

“Sasa umeitia juu ya nini?”

Anne alitaka kujua badala ya kubahatisha. Aibu ilimshika mwilini kama homa. Alikaa kwenye tofali, akaweka mikono juu ya kichwa chake kisicho na nywele, akaomboleza kwa sauti, akimwita Benoît, mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta wakidhani kuna msiba mwingine.

Dan alimwonea huruma. Alitafuta radiatere ya kuazima Likasi nzima, ya gari la umri ule hakuipata. Akafungua ya Anne, akaiziba kwa risasi ya kuyeyushwa matundu matatu makubwa, na kila alipoziba moja, ule moto ulifungua jingine pembeni. Mwisho akafanya kitu alichokuwa akiwakataza madereva wote: alitia konzi ya unga wa muhogo ndani ya maji, ili unga uvimbe na kuziba. Aliutia akiwa ameangalia pembeni.

“Chukua bido mingi ya maji,” alisema. “Kila mshale ikikaribia kwenye nyekundu, simama, ngoja ipoe, tia. Usikubali iishe maji, Mama. Ikichemuka tutaitengeneza. Ikikauka, moteri inakufa, hakuna kuitengeneza.”

Jumamosi waliondoka jua halijatoka. Henriette mbele, kitambaa kimefungwa vizuri, mkoba mapajani. Théodore nyuma. Nyuma yake kabisa, mahali pa mabeseni ya samaki, bido tano, yale madumu ya plastiki, zimejaa maji. Anne alikuwa hajalala. Alikuwa ameomba usiku kucha, na maombi yenyewe yalikuwa sentensi moja tu: Mungu, lifikishe.

Mara ya kwanza alisimama mapema tu, baada ya njia panda ya Kapolowe. Akasema anaangalia mafuta ya injini. Akainua boneti, akangoja huku anajifanya kupangusa hiki na kile, akafungua kifuniko kwa kitambaa, taratibu, akatia maji. Bido nzima iliingia.

Mara ya pili alinunua gunia la makaa kwa mwanamke wa barabarani, akabishana naye bei kwa dakika ishirini ili injini ipoe. Hakuwa na haja ya makaa. Mara ya tatu alinunua viazi vitamu. Yule muuzaji alikuwa na haraka ya kuuza, akakubali bei ya kwanza, na Anne, masikini, ikabidi abishane kuipandisha.

“Motokari gani inakunywa kupita mulevi?” Théodore alisema, akiwa ameshashuka, anachungulia boneti. “Mamu, unaona? Iyi imekufa. Anileteye fungulo.”

“Nilisema kuchemuka,” Henriette alijibu kutoka ndani, bila kugeuza kichwa. “Sikusema kunywa. Panda, twende.”

Anne angeweza kumbusu miguu. Alipanda, akaendesha kwa kasi ya mwenda kwa mguu kwenye kila kilima, malori ya shaba yakimpigia honi nyuma na kumpita yakimfunika vumbi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kwa kukamata usukani. Macho yake yalikuwa yakienda barabarani, kwenye mshale, barabarani, kwenye mshale. Henriette alikuwa akisimulia habari za utoto wa Benoît, jinsi alivyokataa kunyonya, na Anne aliitika “ndiyo, Mamu” mahali pasipostahili ndiyo.

Kwenye kizuizi cha kulipia barabara kulikuwa na foleni ya malori. Hapo ndipo palipomharibikia. Gari likisimama na injini inazunguka, upepo haupiti, joto linapanda. Akazima. Foleni ikasogea, akawasha. Akazima. Akawasha. Akatia bido ya nne, kisha ya tano, na ile ya tano hata haikutulia ndani: aliisikia ikimiminika chini kwenye lami ya moto, shaaa, pale pale anapoimimina. Mshono wa chini wa radiatere ulikuwa umefunguka. Akafunga boneti. Akatazama huku na huku: hakuna mto, hakuna kisima, jua la Agosti na majani makavu tu. Mwenye kuuza maji ya kunywa ya vifuko alikuwa amebakiwa na vifuko sita. Akavinunua vyote na kuvimimina humo.

Zilibaki kilomita kumi na nane.

Théodore sasa alikuwa ameegemea mbele, kichwa chake katikati ya viti viwili, anautazama mshale mwenyewe. Alikuwa amenyoosha mkono, kiganja wazi, karibu na bega la Anne, tayari kupokea ufunguo. Mshale ulipanda. Ukafika robo tatu. Ukapita. Ukagusa mwanzo wa wekundu.

“Njo ile,” alisema kwa upole wa mtu aliyeshinda. “Simama tu, Mama Jaël. Umefanya nguvu yako.”

Anne hakusimama. Alikuwa akisema kimyakimya, bado, bado, bado. Akisubiri ule mvuke mweupe utoke mbele, watu wote wauone, na yote yaishe.

Mvuke haukutoka. Mshale ulitetemeka. Halafu ukaanza kushuka.

“Eh!” Théodore alisema. “Inapoa!”

Ulishuka mpaka nusu, mpaka robo. Henriette akapiga makofi. “Nilikuambia! Mutoto wa bantu ya Panda, anajua kazi!”

Lakini Anne alijua. Mshale ule hupima joto la maji, na ukishuka ghafla hivyo, katikati ya kilima, mchana wa saa tano, si kwamba injini imepoa. Ni kwamba maji yamekwisha na hauna tena cha kupima. Radiatere ilikuwa tupu. Haliwezi kuchemka gari lisilo na maji.

Akisimama sasa hivi, azime, asubiri, apate maji, injini inaweza kupona. Na kiganja cha Théodore kingalipo pale begani. Nani angemwamini mshale ukiwa chini? Angewaeleza, Théodore angecheka: kumbe imeharibika, basi leta fungulo. Gari zima, hai, lingekuwa lake, na Anne angepanda basi kurudi Likasi na viazi vitamu. Akiendelea, kilomita kumi na moja tu, gari ni lake na la watoto. Huenda injini ikavumilia. Injini za zamani ni ngumu, Benoît alikuwa akisema hivyo. Kilomita kumi na moja!

Alikanyaga mafuta.

“Angalia vile inatembea!” Henriette alisema.

Ilianza kugonga kwenye nyumba za kwanza za Lubumbashi. Tak, tak, mbali, halafu karibu. Harufu ya chuma kilichoungua ikaingia kupitia matundu ya upepo, na Anne akafungua dirisha akasema ni malori. Kila pigo lilimwingia mwilini mwake. Alimwomba Mungu, akamwomba Benoît, akamwomba baba yake, akaliomba gari lenyewe kwa jina la watoto, vumilia mama, vumilia, karibu tunafika. Na nyuma yake Théodore alikuwa amerudi kuegemea kiti, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa.

“Mama Jaël, unisamehe,” alisema. “Nilizani utaiua tu. Nilifikiri, ndugu yangu amekufa, na motokari yake itakufa vilevile. Njo vile nilikuwa nakasirika. Miye niko muntu wa neno. Tukifika, nitakuleteya karatasi zote za motokari, ziko kwangu.”

Bora angetukana.

Walipoingia lango la nyumba ya Théodore injini ilikwama yenyewe, ghafla, kwa mlio mmoja mfupi, na gari likajikokota kwa nguvu zilizobaki mpaka kivulini kwa ukuta. Wote walidhani yeye ndiye aliyezima. Wanawake wa nyumba walikuwa wameshatoka na vigelegele, Henriette akashushwa, mkoba ukapokelewa, viti vikaanza kupangwa. Anne alibaki ndani peke yake kidogo. Akageuza ufunguo. Tik. Akageuza tena. Tik. Akauondoa, akafuta uso kwa pembe ya kitenge, akashuka.

Théodore alitoka ndani na bahasha. Aliisoma kadi ya gari kwa sauti mbele ya majirani, jina la Benoît, namba, mwaka, kisha akasema kuanzia leo hakuna mtu wa familia yao atakayeigusa motokari ya mjane, na akigusa atapambana na yeye. Watu wakapiga makofi. Anne alipiga magoti, akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akalia kwa sauti mpaka mabega yakatikisika. Wanawake walimshika, wakamwambia liya tu, mama, imekwisha, umeshinda.

Henriette alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri, amevua viatu, anakunywa maji ya baridi. Alimwita karibu, akamshika kidevu.

“Kesho ni siku ya Mungu,” alisema. “Utalala hapa. Asubuhi utanipeleka ku misa na motokari yako, bantu bote baone.”

“Ndiyo, Mamu,” Anne alisema.